Neno "Uatlantiki" Wanalolisema Sana Huku Ulaya

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za siku nyingi! Leo niko Berlin, Tempelhof. Upepo ni mkali, mnivumilie. Ngoja nigeuze kamera: mnaona hizo ncha tatu za zege zilizopinda kuelekea magharibi? Wenyeji wanauita mnara huu "reki ya njaa". Hapa chini yamechongwa majina ya waliokufa.

Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi, upande wa mji uliokuwa mikononi mwa Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Wamarekani na Waingereza wakaleta unga na makaa ya mawe kwa ndege, usiku na mchana, karibu mwaka mzima. Ncha tatu ni njia tatu za angani walizopitia, na majina ni ya waliokufa kwenye kazi hiyo.

Nimewaleta hapa kwa sababu mtu wa Berlin hahitaji kamusi kulielewa neno "Uatlantiki". Ni imani kwamba usalama wa Ulaya na wa Amerika Kaskazini ni kitu kimoja. NATO, muungano wao wa kijeshi, ilizaliwa humo, Aprili 4, 1949, nchi 12. Leo ziko 32. Kifungu cha 5 cha mkataba wake kinasema akipigwa mmoja wamepigwa wote. Kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, na aliyekuwa ameshambuliwa ni Marekani.

Kwenye siasa za hapa, mwanasiasa akiitwa "Transatlantiker", maana yake ni mtu wa kushikamana na Washington. Kwa mmoja ni sifa, kwa mwingine ni lawama. De Gaulle, rais wa Ufaransa, hakuitaka kamba hiyo: 1966 aliitoa Ufaransa kwenye uongozi wa kijeshi wa NATO, makao makuu yakahama Paris kwenda Brussels.

Sasa linaloniuma mimi. Agosti 1941, Roosevelt, rais wa Marekani, na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, walitoa Hati ya Atlantiki: kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Mwezi uliofuata Churchill akaliambia Bunge kwamba walikuwa wakifikiria mataifa ya Ulaya yaliyokaliwa na Wanazi. Makoloni, hapana. Azikiwe wa Nigeria hakunyamaza. 1943 aliwaandikia Waingereza waraka, akiidai ahadi ile ile kwa Afrika Magharibi.

Bahari hiyo hiyo inapiga Dakar, Lagos na Luanda. Miaka yote niliyokaa hapa, sijasikia mtu akitaja "nchi za Atlantiki" akaihesabu Dakar.