Mota ya Njia Tatu Kwenye Umeme wa Njia Moja

MWALIMU: Karibuni katika kipindi cha karakana. Leo tunamjibu seremala aliyenunua mashine ya randa iliyotumika kutoka Ulaya, ambayo mota yake ni ya njia tatu, yaani fezi tatu, ilhali karakana yake ina umeme wa njia moja. Fundi, aanzie wapi?

FUNDI: Aanze kwa kusoma kibati cha mota, Mwalimu, kabla hajatoa hata shilingi kununua kifaa. Kikiwa kimeandikwa 230/400 ana bahati, kwa sababu koili za mota hiyo zimetengenezwa kwa volti 230, ambazo tayari anazo. Kikiwa kimeandikwa 400/690, kila koili inadai volti 400, na inveta ya kawaida, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu, haitazifikia.

MWALIMU: Hata hizo za 230/400, nyingi hufika zikiwa zimefungwa kwa nyota, yaani ncha moja ya kila koili imeunganishwa na za wenzake mahali pamoja.

FUNDI: Ndiyo, na hapo ndipo wengi hukwama. Inveta inayopokea volti 230 za njia moja hutoa njia tatu zenye volti 230 kati ya waya na waya. Mota ikiachwa kwenye nyota, kila koili itapata takriban volti 133, na nguvu ya kuzungusha itashuka hadi theluthi moja, kiasi kwamba mashine itazunguka vizuri ikiwa tupu lakini itasimama ubao ukigusa visu. Kwa hiyo afungue kisanduku cha nyaya, ahamishe vile vipande vya shaba, aifunge kwa delta, yaani koili ziungane kwa pembetatu na kila moja ipate volti zote 230. Mota ya kilowati 1.5 iliyovuta ampea 3.4 hivi katika nyota sasa itavuta karibu 6, na kiwango hicho, kama kilivyo kwenye kibati, ndicho cha kuingiza kwenye mpangilio wa inveta. Upande wa umeme unaoingia mkondo utapita ampea 10, kwa hiyo waya mwembamba wa soketi ya taa haufai.

MWALIMU: Mafundi wengi humfungia mteja kapasita tu, kifaa cha kuhifadhi chaji kinachoiga njia ya tatu, takriban maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, na mota inazunguka.

FUNDI: Inazunguka, lakini njia ya tatu inayopatikana hivyo hukaa sawa kwa mzigo mmoja tu, na mzigo wa randa hubadilika kila sekunde. Mota huanza kwa unyonge, hubaki na kama asilimia 70 ya nguvu yake, na hupata joto hata ikiwa haifanyi kazi. Kwa feni ninaikubali. Kwa randa siikubali kabisa.

MWALIMU: Mimi ningeitetea njia nyingine kwa karakana yenye mashine kadhaa: mota moja kubwa ya njia tatu, izungushwe tupu kwa umeme wa njia moja, izalishe njia ya tatu kwa ajili ya zote.

FUNDI: Nakubaliana nawe, ilimradi mota hiyo iwe kubwa kuliko ile kubwa zaidi itakayowashwa. Kwa mashine moja isiyozidi kilowati 2.2, inveta ndiyo chaguo langu.

MWALIMU: Na swichi ya zamani ya mashine?

FUNDI: Isibaki kati ya inveta na mota, maana kukata umeme hapo mota ikiwa kazini kunaweza kuiua inveta. Swichi za kuwasha na kuzima zipelekwe kwenye vituo vya amri vya inveta yenyewe, yaani sehemu za kufungia nyaya zinazoiamuru iwake au izime.

MWALIMU: Naongeza, na hili nalisisitiza kwa kila mwanafunzi: ndani ya inveta hubaki zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzima. Asubiri dakika zilizotajwa na mtengenezaji, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa.

FUNDI: Halafu aijaribu mota kabla ya kufunga mkanda. Ikizunguka kinyume, azime, asubiri, kisha abadilishane nyaya mbili zozote kati ya tatu zinazokwenda kwenye mota.