Kabari Katika Bunduki ya Askari wa Miavuli

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia bunduki ambazo Japani iliziunda wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ili zigawanyike vipande viwili, na askari wa miavuli aweze kuruka nazo. Kaka Idrisa, bunduki ya kawaida ilikuwa na kasoro gani?

IDRISA: Urefu, dada Zuhura. Bunduki ya Aina ya 99, hata ile fupi, ilikaribia sentimita 112, na mtu anayejipenyeza kwenye mlango wa ndege akiwa amefungiwa mwavuli hawezi kubeba kitu kirefu namna hiyo kisije kikanasa kamba au kumuumiza anapotua. Kwa hiyo silaha zilidondoshwa ndani ya makasha yaliyokuwa na miavuli yake. Tarehe 14 Februari 1942, Wajapani waliposhuka Palembang, kisiwani Sumatra, wakiwania viwanda vya kusafishia mafuta na uwanja wa ndege, askari wengi walijikuta ardhini na bastola na mabomu ya mkono tu, ilhali makasha ya bunduki yalikuwa yameangukia porini, mbali nao.

ZUHURA: Hebu mfikirie askari huyo, risasi zinampitia juu ya kichwa na bunduki yake imelala kichakani asikokujua. Jambo hilo hunigusa kila ninapolisoma. Je, walijaribu dawa yoyote?

IDRISA: Walijaribu. Njia moja ilikuwa kuichukua karabini, yaani bunduki fupi, ya Aina ya 38 na kuitia bawaba kwenye kitako ili kikunjwe ubavuni. Ubao ulikuwa dhaifu mahali hapo, na mtutu wenyewe ulibaki na urefu ule ule, kwa hiyo sioni kwamba walipata faida kubwa. Njia ya pili ilikuwa Aina ya 100, yaani Aina ya 99 iliyokatwa pale mtutu unapokutana na mwili wa bunduki. Maungio yake yalikuwa na hesi, yaani meno ya kuzungushia kama ya skrubu, zilizoachiwa nafasi katikati, kama za kufunga mlango wa mzinga mkubwa: unasukuma mtutu ndani, unauzungusha kidogo, unakaza.

ZUHURA: Kwa masikio yangu, hilo ni wazo zuri sana.

IDRISA: Ni zuri, lakini pahala penyewe ndipo pagumu kuliko pote. Chemba inayokaa risasi imo katika mtutu, na komeo linaloizuia kwa nyuma limejifunga katika mwili wa bunduki. Kwa hiyo mtutu ukilegea hata kwa unene wa karatasi, nyuma ya ganda la risasi panabaki uwazi, na ganda linaweza kupasuka na kumwachia mpigaji gesi ya moto karibu na uso wake. Hesi zinazofungwa na kufunguliwa kila mara husagika, na hesi iliyosagika haina namna ya kurudisha kile ilichopoteza. Ndiyo maana Aina ya 100 haikutengenezwa kwa wingi.

ZUHURA: Hapo ndipo inapoingia kabari.

IDRISA: Naam, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wabunifu wake. Katika Aina ya 2, iliyopewa jina kutokana na mwaka 2602 wa kalenda ya kifalme ya Kijapani, yaani 1942, mtutu unachomekwa moja kwa moja, kisha kabari ya chuma inapita kwa kukingama na kuingia katika mfuo uliochongwa kwenye mtutu. Kabari hiyo huvutwa na skrubu yenye kipete kidogo cha kushikia kwa vidole. Maungio yakilika kidogo, kabari inaingia ndani zaidi na kubana upya.

ZUHURA: Ni kama fundi anayegongea kabari kwenye mpini wa shoka unaocheza: chuma ni kile kile, mpini ni ule ule, ila sasa vimeshikana.

IDRISA: Kanuni ni hiyo hiyo. Aina ya 2 ilitengenezwa Nagoya kwa maelfu, ikitumia risasi zile zile za milimita 7.7 za Aina ya 99, tano kwa mara moja. Askari aliyetua nayo hakuhitaji spana: alichomeka mtutu, akasukuma kabari na kuzungusha kipete mpaka kikagoma.