Jumba Lililoachwa na Sanaa ya Wananchi: Mfano wa Sinema ya Majestic, Vuga

Waheshimiwa wageni, wazee wangu, ndugu zangu, asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie namna jumba la umma lililoachwa linavyoweza kugeuzwa kituo cha sanaa cha wananchi, nami nimechagua jumba ambalo wengi wetu hapa Unguja tunalipita kila siku, yaani Sinema ya Majestic ya Vuga. Jumba la kwanza mahali hapo, lililochorwa na J. H. Sinclair, lilijengwa katika miaka ya 1920 likiitwa Royal. Likaungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata likasimama jengo tulijualo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zilitaifishwa, watazamaji wakapungua kadiri miaka ilivyokwenda, milango ikafungwa, na hatimaye paa la ukumbi likaporomoka.

Hapo kwenye paa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Majengo ya Mji Mkongwe huuawa na maji. Bati moja linapong'oka, au mfereji wa paa unapozibwa na majani, mvua ya masika huingia ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, boriti zikaanza kuoza kwenye ncha, pale hasa zilipozama ukutani na jicho halifiki, na mbegu iliyoangushwa na ndege ikaota mti ambao mizizi yake huupasua ukuta taratibu. Akija fundi asiyeijua chokaa akapiga lipu ya saruji juu yake, unyevu hukosa pa kutokea na ukuta huzidi kumong'onyoka kwa ndani. Kwa hiyo fedha ya kwanza, hata ikiwa ndogo, iende kwenye paa na mifereji, kabla ya rangi na kabla ya jukwaa.

Kwamba kazi hii inawezekana, Dispensari ya Zamani ya Mizingani ni ushahidi: ilikamilika mwaka 1894, ikaachwa baada ya Mapinduzi, na katika miaka ya 1990 ikafufuliwa na kuwa kituo cha utamaduni. Hata hivyo kila jengo lina kazi liiwezayo. Katika nyumba zetu nyingi za mawe chumba ni chembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana mita 3; kinamtosha mwalimu wa ala ya udi na wanafunzi wake watatu, lakini kundi zima la taarabu, lenye fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na waitikiaji, linahitaji ukumbi, na ukumbi ndio hasa Majestic ilichojengewa.

Naiomba basi kamati yoyote itakayokabidhiwa jumba hilo iwakalishe wapiga taarabu, vijana wa filamu na majirani wa Vuga kabla mchora ramani hajashika kalamu, na wakubaliane kwa maandishi nani atashika ufunguo, na nani atapanda juu ya paa kila Februari kusafisha mifereji, masika hayajaingia.