Lokoshedi ya Tabora juu ya meza

MPWA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu, tuko hapahapa Tabora. Mjomba, shikamoo.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Na wasikilizaji wote, mwangaluka.

MPWA: Leo hatuna mgeni. Tangu tuonyeshe ile modeli ya lokoshedi, yaani mahali vichwa vya treni vinapohudumiwa na kuegeshwa, kwenye ukumbi wa shule, watu wananisimamisha sokoni na maswali. Karibu wote wanaanza na lilelile: kwa nini lokoshedi? Kwa nini msijenge treni inayosafiri, yenye madaraja na mito?

MJOMBA: Nafasi, kwanza. Behewa la abiria la mita 18, kwa skeli yetu ya moja kwa 60, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 60, linakuwa sentimita 30. Panga mabehewa kumi na kichwa chake, umeshapita mita tatu, na treni yenyewe haijaanza kutembea. Utapata wapi chumba cha kuizungushia? Lakini kwenye lokoshedi vichwa vinaingia kimojakimoja. Vipande vitatu vya meza, kila kimoja sentimita 120 kwa 60, vinatosha kabisa.

MPWA: Na la pili?

MJOMBA: La pili ndilo kubwa. Treni inayozunguka, mtu anaitazama dakika mbili anaondoka. Lokoshedi ina kazi. Kichwa kikitoka kwenye treni ya Dar kina mambo ya kufanyiwa kabla hakijashika treni nyingine: mafuta, maji, mchanga, ukaguzi wa chini yake kutoka shimoni, kugeuzwa, kuegeshwa. Kila kinapotikisika pale mezani kuna sababu.

MPWA: Niwakumbushe wasikilizaji wetu wa mbali kwa nini Tabora. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa Wajerumani, ikafika hapa 1912, ikamalizikia Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likafunguliwa 1928. Kwa hiyo treni ikitoka pwani, mabehewa yanagawanywa hapa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma. Panapogawanywa treni lazima pawe na vichwa vya akiba, mafundi na karakana. Mji huu umelelewa na kazi hiyo.

MJOMBA: Na ndiyo maana nasema mtu wa Tabora akijenga reli ndogo asianze na milima ya Ulaya. Aanze na kazi ya nyumbani kwao.

MPWA: Sasa tuje kwenye skeli, maana vijana wawili wa chuo waliniuliza na nikaona wamenielewa nusu. Reli zetu za zamani zina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. Reli ndogo zinazouzwa kwa wingi duniani zina upana wa milimita 16.5, na zilitengenezwa kwa ajili ya modeli za nchi ambazo reli yao ni milimita 1,435. Ukichukua 1,435 ukagawa kwa 16.5 unapata 87. Hiyo ndiyo skeli ya moja kwa 87, inayojulikana sana.

MJOMBA: Lakini ukiweka kichwa cha Tabora cha skeli hiyo juu ya reli hizo, kinaonekana kimetanua miguu. Reli ni pana mno kwake.

MPWA: Ndiyo. Kwa hiyo tukafanya hesabu upande wetu. Elfu moja gawa kwa 16.5, unapata 60 na kitu. Tukasema basi, kila kitu kiwe moja kwa 60. Reli tunanunua zilezile, injini za ndani tunanunua zilezile, ila bodi, majengo, watu na miti tunatengeneza wenyewe kwa kipimo hicho. Mtu mzima anakuwa na urefu kama wa sentimita tatu hivi.

MJOMBA: Faida yake, macho ya mzee yanaona. Skeli ndogo zaidi zinamchosha mtu mwenye miwani.

MPWA: Hasara yake, sijaona duka linalouza nyumba wala mtu wa moja kwa 60 ya Tabora. Kila mlango tumeukata wenyewe.

MJOMBA: Hiyo mimi siiti hasara.

MPWA: Najua, mjomba. Wewe ni seremala. Haya, eleza fremu, maana umeisubiri.

MJOMBA: Fremu ni mninga. Wengi walitaka mbao laini za msonobari kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Nikakataa. Mninga uliokauka vizuri hausinyai ovyo wala haujipindi, na hilo kwenye meza ya reli ni jambo la kufa na kupona. Kipande kimoja kikijipinda milimita moja tu pale meza mbili zinapoungana, gurudumu linaruka. Tabora hapa ukame unaukausha ubao mpaka unalia, halafu masika yanaunywesha maji. Juu ya fremu tukalaza plaiwudi ya milimita 9. Kwenye kila maungio kuna pini mbili za chuma zinazoingia kwenye matundu yake, halafu bolti zinakaza. Pini ndizo zinazolinganisha. Bolti kazi yake ni kushika tu. Wanaojenga naomba washike hilo, kwa sababu bolti peke yake inaacha nafasi ya kuchezacheza.

MPWA: Na reli zinapovuka maungio?

MJOMBA: Tumezichomea kwa risasi ya kulehemu juu ya skrubu za shaba zilizozama kwenye ubao, upande huu na upande ule. Hazisogei hata meza ikigongwa wakati wa kupakia kwenye guta.

MPWA: Mimi kazi yangu ilikuwa umeme, na hapa lokoshedi inatofautiana na modeli nyingine. Voti 12: reli hii chanya, reli ile hasi, kichwa kinatembea, ukizigeuza kinarudi nyuma. Rahisi. Tatizo ni kwamba ukiwa na vichwa vitano juu ya reli zilezile, vyote vinaondoka pamoja. Lokoshedi nzima inakimbia! Kwa hiyo kila njia ya kuegeshea tumeikata reli moja kwa msumeno mwembamba, tukaweka kipande cha plastiki kwenye pengo, na swichi yake kwenye paneli. Ukizima swichi, kichwa cha njia hiyo kinalala.

MJOMBA: Na kuna mfumo ule wa kompyuta.

MPWA: Upo, wa dijitali. Kila kichwa kinawekewa chipu yenye namba yake, reli zinakuwa na umeme muda wote, na unakiita kwa namba. Ni mzuri sana kwa lokoshedi, sibishi. Ila chipu kwa kila kichwa ni fedha, na kikundi chetu kina mwalimu, fundi redio, mama anayeuza vitambaa na wazee wastaafu. Swichi za kawaida zinapatikana dukani hapa mjini, na ikiharibika moja unaibadilisha kwa dakika tano. Halafu voti 12 ina uzuri wake: betri ya pikipiki inaiendesha. Siku ya maonyesho umeme ulikatika saa nne asubuhi, tukahamishia waya kwenye betri, watoto hata hawakujua.

MJOMBA: Sasa niseme la makaa.

MPWA: Sema.

MJOMBA: Tulichagua enzi za East African Railways, shirika la reli la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, kabla halijavunjika 1977, mvuke na dizeli vikiwa bado pamoja. Mwenzetu mmoja alikuwa na picha za modeli za Uingereza, nzuri kabisa, na kila lokoshedi ya mvuke mle ina lundo la makaa ya mawe na jukwaa la kupakilia. Akaanza kulijenga. Mzee wetu mmoja, fundi mstaafu wa karakana, akaja akalitazama, akauliza: makaa haya ya nani? Vichwa vya mvuke vya enzi zile hapa kwetu vilichoma mafuta mazito. Hakuna koleo wala lundo. Unahitaji tangi la mafuta, bomba lenye mkono unaozunguka, na ardhi iliyolowa mafuta mpaka imekuwa nyeusi.

MPWA: Na hiyo ardhi ilibadilisha modeli nzima.

MJOMBA: Nzima! Wengi wanapenda kumwaga kokoto safi kijivu kila mahali. Kokoto ya kweli ya sentimita tano, kwa moja kwa 60, haitakiwi kufika hata milimita moja, kwa hiyo ni mchanga wa mtoni uliopita kwenye chujio la chai. Unaumwaga kati ya mataruma, unaupanga kwa brashi, halafu unadondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi inakaa juu kama umande na kuusogeza mchanga. Ukiweka sabuni inazama. Hivyo ndivyo tulivyofanya njia za nje. Ndani ya lokoshedi mchanga hauonekani kabisa. Ni rangi nyeusi, kahawia, nyeusi tena, na mahali pa shimo la ukaguzi panang'aa kidogo kama mafuta mabichi.

MPWA: Na vichwa ni damu ya mzee.

MJOMBA: Damu ya mzee, ndiyo rangi yao. Kile kikubwa tumekiiga kutoka vile vya daraja la 30, vilivyotengenezwa Glasgow miaka ya 1950. Magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta, manne nyuma. Kimoja cha daraja hilo, namba 3020, kipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na jina lake ni Nyaturu. Vilipewa majina ya makabila. Mnyaturu wa Singida akienda Nairobi atamkuta ndugu yake pale, wa chuma.

MPWA: Bodi yake imetoka kwenye makopo ya soda na bati jembamba, kazi ya fundi redio wetu. Nilidhani tutaagiza plastiki nje, lakini kopo linakatika kwa mkasi, linajikunja vizuri, na linashika kwenye shaba kwa gundi ya epoksi. Rivet zake... misumari ya bodi, alizichapa kwa nyuma kwa sindano butu, moja baada ya nyingine. Kaa nayo karibu uione.

MJOMBA: Usisahau miembe.

MPWA: Siwezi. Tabora bila miembe siyo Tabora. Shina ni nyaya za umeme zilizosokotwa na kupakwa gundi yenye unga wa mbao. Majani ni dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi ya kijani iliyokolea sana, karibu nyeusi, kwa sababu kivuli cha mwembe ni kizito. Chini yake tumemweka mama anayeuza asali kwenye chupa.

MJOMBA: Tuseme maonyesho yenyewe yalivyokwenda.

MPWA: Tuliamua tangu mwanzo kwamba anayeendesha vichwa hazungumzi na watu. Anashika paneli na kadi zake. Kila kadi ina hatua moja: kichwa namba fulani kutoka njia ya kuingilia kwenda kwenye mafuta, halafu kwenye mchanga, halafu shimoni. Mwingine anasimama mbele ya kamba na kueleza. Ukichanganya kazi hizo mbili, vichwa vinagongana.

MJOMBA: Na kuna wa tatu, wa kufuta reli. Vumbi la Kiangazi hapa linaua. Gurudumu likipita juu ya vumbi umeme haupiti, kichwa kinasitasita. Kitambaa na spiriti, kila baada ya muda.

MPWA: Kilichonigusa mimi ni wastaafu. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wengine na wajukuu. Hawakusifia miembe wala majengo. Walisimama wakifuatilia kazi. Mmoja akamwambia kijana wetu pale panelini, "Wewe, hicho hakijajazwa mchanga, unakipeleka wapi?" Mchanga ule, kwa wasiojua, hudondoshwa mbele ya magurudumu ili yasiteleze reli ikilowa. Kijana akakirudisha. Kuanzia hapo yule mzee akaongoza zamu nzima, akiwa nje ya kamba, mikono nyuma.

MJOMBA: Kadi tuliziandika upya jioni ile kwa maneno yake. Sasa zina hatua ya kukagua breki ambayo sisi hatukuwa nayo.

MPWA: Ndiyo maana nasema tuwarekodi sasa hivi, kwa sauti, kabla ya kujenga kingine chochote. Majengo yana picha. Mpangilio wa kazi uko vichwani mwa watu.

MJOMBA: Hapo tuko pamoja. Ambapo hatuko pamoja ni ile SGR yako, reli mpya pana.

MPWA: Mjomba, SGR inajengwa kupita hapa! Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Tabora hadi Kigoma. Treni za umeme zilianza Dar na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma mwaka huohuo. Mtoto wa leo wa Tabora atakua na reli mbili. Nataka kipande cha meza chenye zote mbili sambamba, ya zamani na mpya.

MJOMBA: Kwa moja kwa 60, upana wake wa milimita 1,435 unakuwa karibu milimita 24. Nani anauza reli hiyo?

MPWA: Sijaipata dukani. Ndiyo maana kipande hicho kiwe moja kwa 87. Pale SGR inakaa kwenye 16.5 sawasawa, na reli ya zamani inakaa kwenye milimita 12, ambayo nayo inatengenezwa tayari.

MJOMBA: Halafu Nyaturu wangu atapita wapi?

MPWA: Hatapita. Kitakuwa kipande cha peke yake.

MJOMBA: Nitakukatia ubao mmoja wa majaribio. Mmoja. Mninga uliobaki unatosha fremu yake.

MPWA: Nimepokea. Jumamosi basi, karakana kwa mjomba, kuanzia saa tatu. Anayekuja asilete reli wala gundi, vipo. Alete mzee mmoja aliyefanya kazi relini, na simu yenye nafasi ya kurekodi.

MJOMBA: Na mwenye redio kaseti iliyokufa asiitupe. Mota yake naitaka kwa meza ya kugeuzia vichwa.