Msiniagize tena ngao za Wahindi Wekundu

Jamani, kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, si uko Denver, Marekani, tuletee ngao za ngozi za Wahindi Wekundu tuuze Arusha." Nikinyamaza naringa, nikisema ghali nalalamika. Basi leo najibu, na huu ni msimamo wangu mimi. Mwingine aamue lake.

Moja nilinunua, dola 180. Muuzaji aliapa imetengenezwa na Wakrow, kabila la Wahindi Wekundu wa Montana, na manyoya ni ya tai. Kufika nyumbani naigeuza, nyuma imebanwa kwa pini za stepla, na manyoya ya bata mzinga yamepakwa rangi. Hela yangu hakurudisha. Na yangekuwa ya tai kweli, ningekuwa na kesi, maana tai analindwa na sheria ya tangu 1940. Hata Wahindi Wekundu wenyewe, wakitaka manyoya ya tai kwa ibada zao, lazima wawe wameandikishwa kwenye kabila linalotambuliwa na serikali, wajaze fomu, wasubiri ghala la serikali lililoko hapa jirani, Commerce City, liwapatie. Mimi niliyesotea makaratasi ya uhamiaji, hilo liliniuma.

Tena ngao yenyewe si pambo. Ngozi ya shingo ya nyati dume ilipashwa moto ikasinyaa, ikawa nene. Lakini kinga hasa ilikuwa kwenye mchoro. Mtu alipanda mlimani peke yake, akafunga siku kadhaa bila chakula wala maji, akiomba, na alichoonyeshwa katika njozi ndicho kilichochorwa. Bunduki zilipoenea, wengine walibeba kijingao kidogo tu chenye mchoro ule ule. Kingezuia risasi gani, kama si imani? Arapoosh, chifu wa Wakrow aliyekufa 1834, alichora kwenye ngao yake mwezi uliomtokea kama mtu mweusi mwenye masikio makubwa. Husimuliwa kwamba kabla ya vita aliivingirisha ngao ile ardhini. Ikilala mchoro ukiwa juu, ushindi upo.

Ngao ya Mmaasai, rangi zake zinakuonyesha rika la mwenye nayo. Hizi za Wahindi Wekundu ni siri ya mtu na aliyemjia katika njozi. Zilifunikwa kwa ngozi laini, na hata kumpa mwingine kulikuwa na taratibu zake. Mimi niipige bei Arusha kwa taratibu zipi?

Mjomba, najua unatazama, na najua umetangaza ukoo mzima kwamba nimekula hela yako ya ngao. Nimekurudishia yote leo asubuhi. Angalia simu yako.