Mtoto wa Bawabu

Asanteni, kaeni. Kabla sijaanza: leo nikisema piano, ni kile kinanda kikubwa cha mbao, chenye nyuzi ndani na vinyundo vya kuzigonga. Maana sisi chochote chenye vibao vya kubonyeza tunakiita kinanda, hata kile cha umeme cha kwaya.

Mpiga piano Teresita Gómez, ambaye ndiye habari yetu leo, alizaliwa Medellín, Kolombia, mwaka 1943. Mtoto mweusi, akalelewa na wazazi weupe waliomchukua akiwa mchanga. Wazazi hao walikuwa mabawabu wa jumba la Bellas Artes, chuo cha sanaa cha mjini humo, na waliishi mle mle ndani. Basi mtoto anaamka, anakula, analala, na nyuma ya ukuta piano inalia. Mchana alichungulia mabinti wa wenye nazo wakifundishwa. Mtoto mweusi hakuruhusiwa kugusa vile vyombo. Usiku baba akipita na usafi wake, yeye yuko nyuma yake. Anafunua kifuniko, anatafuta kwa vidole kile alichokisikia mchana.

Siku moja akafumaniwa. Mwalimu Marta Agudelo alimkuta anapiga. Badala ya kumfukuza, akaanza kumfundisha, tena kwa siri. Hapo huwa nasita kidogo kila ninaposimulia. Mwalimu yule angekwenda kushtaki, pengine bawabu angekosa kazi, na mimi leo nisingekuwa na mhadhara.

Yaliyofuata nayapitia haraka: masomo Bogotá, kisha Chuo Kikuu cha Antioquia chini ya Harold Martina, mpiga piano wa Curaçao, kisiwa cha Karibi. Miaka ya 1980 serikali ikampeleka Ujerumani Mashariki, mwambata wa utamaduni ubalozini. Akarudi nyumbani, akafundisha miaka mingi.

Lakini tazameni alichokuwa akipiga. Bach na Chopin, watunzi wakubwa wa Ulaya, sawa, hao hawakosekani. Pamoja nao akawapandisha jukwaani watunzi wa kwao, akiwemo Luis A. Calvo. Huyu aligundulika ana ukoma mwaka 1916, akapelekwa Agua de Dios, mji waliotengewa wagonjwa wa ukoma, na huko huko akaendelea kutunga. Wapo waliouona muziki wake kuwa wa sebuleni tu, wa kusindikizia kahawa. Teresita aliupiga kwa heshima ile ile aliyompa Chopin.

Tumsikilize basi. Kijana wa mitambo, tuwekee. Na ninyi mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo huku mbele.