Giulio Natta, Rosita, na Kiti Ulichokalia

Kabla sijaanza, naomba mmoja wenu apindue kiti chake. Wewe kaka wa nyuma, mwenye shati la bluu, simama ukigeuze. Kimeandikwa nini chini? Sema kwa sauti. Pembetatu ya mishale, ndani yake tano, na herufi mbili, PP. Asante, kaa. Umekalia plastiki iitwayo polipropilini, na saa nzima hii nitamsema Giulio Natta, mtu aliyejua kwa nini haikudondoshi.

Walimu wenzangu walionisikia mwaka jana wameanza kutabasamu. Wanajua nitafika kwa mkewe, Rosita, na sitatoka. Ni kweli.

Ya vitabuni nayapita mbio. Giulio Natta, amezaliwa 1903 Imperia, pwani ya Liguria. Uhandisi wa kemia kaumaliza Politecnico di Milano mwaka 1924, ana miaka 21. Kafundisha Pavia, Roma, Torino, kisha 1938 akarudi Milano kushika kiti cha uprofesa wa kemia ya viwanda. Hapo nasimama kidogo, maana kwenye hafla za kumsifu huwa hapasemwi. Kiti hicho kilikuwa wazi kwa sababu mwenyewe, Mario Giacomo Levi, alifukuzwa na sheria za ubaguzi za Mussolini kwa kuwa ni Myahudi. Natta hakuitunga sheria ile, lakini kiti alikikalia. Tuendelee.

Kitu kimoja cha ujana wake mkishike: alijifunza kutazama. Wanakemia wengi wa viwandani ni wapishi, wanachanganya, wanapima kilichopatikana, basi. Natta tangu mapema alikuwa akipiga maada kwa eksirei aone atomu zimekaaje. Mwaka 1932 akaenda Freiburg, Ujerumani, akakutana na Hermann Staudinger, yule aliyekuwa akisema polima, vitu kama plastiki na mpira, ni minyororo mirefu kwelikweli huku wakubwa wa kemia wakimbeza. Natta akarudi na mawili: minyororo ya Staudinger, na jicho lake mwenyewe.

Sasa 1952, Frankfurt. Mwanakemia Mjerumani Karl Ziegler anatoa mhadhara juu ya misombo ya alumini. Ukumbini wamo Natta na mkubwa wa Montecatini, kampuni ya kemikali ya Italia. Wengine wamesikia kemia ya kawaida. Hawa wawili wamesikia kiwanda. Montecatini ikaweka mkataba na Ziegler, na vijana watatu wakatumwa maabara kwake, Mülheim, wakajifunze kazi. Watatu! Leo ukiomba nauli ya kijana mmoja kwenda kujifunza maabara ya mwenzio, unaambiwa andika dokezo. Mwishoni mwa 1953 Ziegler akagundua kwamba alumini yake ikichanganywa na titani, gesi ya ethilini inaungana kuwa plastiki bila shinikizo kubwa. Natta akauliza swali la jirani: na propilini, gesi ndugu yake, je? Tarehe 11 Machi 1954 akaandika kwenye daftari lake maneno matatu ya Kiitalia, maana yake: polipropilini imetengenezwa. 

Msidhani kilichotoka chomboni kilipendeza. Sehemu ilinata kama ulimbo, sehemu ilikuwa unga mweupe. Wakaichemsha kwenye viyeyusho, kimoja baada ya kingine. Ulimbo ukayeyuka ukaondoka, unga ukabaki, na unga huo hauyeyuki kwa moto mpaka upite nyuzi 160. Mpishi angeishia hapo, akafungua kiwanda. Natta na msaidizi wake kijana, Paolo Corradini, wakaupiga eksirei, na picha ikaonyesha fuwele. Plastiki yenye mpangilio!

Mpangilio gani? Nani hapa amewahi kushona makuti ya kuezekea? Inua mkono, usione haya. Unachukua ufito, unakunja ukuti mmoja mmoja juu yake, na yote unayalaza upande mmoja. Ndiyo maana makuti yakishashonwa yanalaliana, mia yanakaa mahali padogo. Sasa ukuti huu uelekee huku, ule kule, wa tatu popote, utapanga? Utapata rundo la takataka. Propilini ina kimkia pembeni, kaboni moja na haidrojeni zake tatu. Mikia yote ikikaa upande mmoja wa mnyororo, minyororo inalaliana, inakuwa fuwele, inakuwa kiti. Ikikaa ovyo, inakuwa ulimbo. Atomu ni zilezile, idadi ileile. (Mnyororo wenyewe haunyooki, unajizungusha kama ngazi ya mnara, kila mzunguko vipande vitatu. Lakini makuti yanatosha.)

Haya, jambo lipo, jina hakuna. Na hapa ndipo anaingia Rosita Beati, mkewe tangu 1935. Hakuwa mwanakemia. Alisoma fasihi. Mumewe akamweleza mikia inavyokaa, yeye akaenda kwenye Kigiriki akarudi na isotaktiki, yaani mpangilio sawa. Mikia ikipishana, huku, kule, huku, kule, sindiotaktiki. Isiyo na mpangilio, ataktiki. Dunia nzima inayatumia hadi leo, na hayajabadilishwa herufi.

Nilishakaa kikao cha istilahi, sitasema cha wapi, wanakemia watupu mezani. Tulishinda siku nzima, chai mara mbili, tukatoka na neno refu kama garimoshi. Sijamsikia mwalimu hata mmoja akilitamka, wala mimi mwenyewe. Hatukumwita mshairi, wala mwalimu wa fasihi, wala bibi mmoja anayeshona makuti. Mtu atasema: “Mwalimu, mbona huyo mama naye alikopa Kigiriki?” Alikopa, ndiyo! Nami isotaktiki naipokea kwa mikono miwili, sidai tuitupe. Ninachodai ni kwamba Natta alijua mahali ujuzi wake unapoishia, akamuuliza mtu wa maneno. Na darasani, wakati wa kufafanua, mimi nasema upande mmoja, kushoto-kulia, na shaghalabaghala. Hiyo ya tatu wanafunzi hawajawahi kuikosa kwenye mtihani.

Naona dada pale anasubiri kuniambia kuhusu plastiki kwenye mitaro. Mifuko laini iliyopigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019 kwa kawaida ni polithini, ile plastiki ya ethilini, mlalamikieni kwanza Ziegler. Lakini usishangilie mapema: ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, uliyopewa sokoni ukadhani ni pamba, nyingi ni polipropilini. Ni Natta tena. Kenya waliishtukia, 2019 wakaikataza nayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Mwaka 1957 Montecatini wakaanza kuizalisha Ferrara kwa jina la Moplen. Ziegler akanuna, akaona mwenzake kamzunguka kwenye hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Hata hivyo 1963 waligawana Tuzo ya Nobel, na Natta anabaki Mwitalia pekee aliyeipata ya kemia. Alipanda jukwaani Stockholm akisaidiwa kutembea, ugonjwa wa Parkinson ulishamshika miaka kadhaa. Rosita alifariki 1968, yeye 1979, Bergamo. Na hataza ya Marekani? Kampuni ziliburuzana mahakamani tangu miaka ya hamsini, 1983 ikapewa kampuni ya Phillips, ambayo watu wake wawili walishaipata polipropilini ya fuwele mwaka 1951. Kazi zake nyingine, ya mpira na ya plastiki ya poliasetilini, nilikuwa nimeziandika, karatasi mbili nzima, nazirudisha mfukoni. Maswali ya hataza muulizeni mwanasheria. Ya makuti, nipo.